Kabla ya kununua pete za darubini, tazama kwanza chuma cha bunduki yako

Bunduki ilikuwa ya saizi ya risasi inayoitwa .375 H&H, na masika yote ilikuwa imelala Dar es Salaam ndani ya mkoba wa sponji. Nilipoitoa mwezi Juni, kwa nje haikuwa na hata doa la kutu. Mwenyewe alinieleza kwamba mwishoni mwa msimu uliopita risasi zilianza kutua sentimita 15 kulia kwenye mita 100, na alishaamua kununua darubini mpya. Nikamwomba anipe dakika kumi nifungue kwanza besi, kile kipande kilichofungwa kwa skrubu juu ya bunduki ili pete za darubini zikae juu yake.

Skrubu ya kwanza ilizunguka kwa mkwaruzo, kama yenye mchanga ndani. Ya nyuma ilikataa, na nilipoikaza mkono kichwa kikakatika. Besi ya aluminiamu ilipobanduka, chini yake palikuwa na unga mweupe mkavu, mfano wa chumvi iliyoganda kwenye mdomo wa kopo. Unga ule ulikuwa umeinyanyua besi upande mmoja. Darubini aliyotaka kuitupa ilikuwa nzima kabisa.

Ule unga ni kutu ya aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yao pakaingia maji ya chumvi, zinakuwa kama betri ndogo, na ile iliyo dhaifu kiumeme ndiyo inayoliwa. Kati ya aluminiamu na chuma, inayoliwa ni aluminiamu. Wavuvi na wenye boti wanalijua jambo hili siku nyingi, ndiyo maana injini za boti hufungwa vipande vya zinki viliwe badala ya injini. Chumvi ya kutosha haihitaji bahari. Jasho la mkono wa mtu aliyetembea saa sita akifuata nyayo linatosha, na hewa ya Dar inamalizia kazi. Sponji nayo inashika unyevu na kuubana palepale, kwa hiyo mkoba wa safari usiufanye kabati la kuhifadhia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue pete na besi za metali gani, mimi humuuliza kwanza: mwili wa bunduki yako ni wa nini, na inapiga teke kiasi gani?

Kwa bunduki ya wanyama wakubwa, .375 kwenda juu, ushauri wangu haujabadilika miaka yote: besi ya chuma juu ya mwili wa chuma, na pete za chuma juu yake. Ni nzito, nakubali. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya aluminiamu kwa ukubwa uleule. Lakini bunduki ya namna hiyo yenyewe ni nzito, na gramu mia zaidi hutazisikia begani kama utakavyolisikia kosa.

Mchanganyiko ninaouogopa ni pete ngumu za chuma juu ya besi ya aluminiamu laini. Kwenye besi za Picatinny na Weaver, aina mbili za besi zenye mifereji ya kukatiza, kila pete ina kijiti kinachokaa ndani ya mfereji wa besi. Bunduki ikirudi nyuma kwa teke, darubini inataka kubaki ilipo, na kile kijiti kinagonga ukuta wa mbele wa mfereji. Kila risasi ni nyundo ndogo. Chuma hakiumii, aluminiamu ndiyo inayobonyea. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mfereji: ukikwama kwenye kijinundu, besi hiyo imeanza kupondwa. Na siku zote unapofunga pete, isukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu mpaka kijiti kigote ukutani, ndipo ukaze. Ukiiacha katikati, risasi ya kwanza itaisogeza yenyewe.

Sisemi aluminiamu ni mbovu. Kwa bunduki yenye teke dogo zaidi, kama .308 au .30-06 ya kupanda nayo milima, ningefunga aluminiamu bila wasiwasi, ila nauliza ni ipi. Ile inayoandikwa 7075-T6 ina nguvu karibu mara mbili ya 6061-T6, na tofauti ya bei si kubwa ukilinganisha na bei ya darubini. Mrija wa darubini nyingi wenyewe ni aluminiamu, kwa hiyo pete za aluminiamu zinaelewana nao vizuri. Kinachoilinda ni ile ngozi ngumu, nyeusi mara nyingi, inayopakwa kwa umeme kiwandani. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hadi metali ionekane, ulaji wote unahamia kwenye mkwaruzo. Besi yenye mikwaruzo upande wa chini usiifunge kwenye bunduki ya stenlesi kisha ukaipeleka pwani. Stenlesi haishiki kutu upesi, na hilo linawadanganya wengi, kwa sababu yenyewe inabaki inang'aa huku aluminiamu iliyoigusa ikimomonyoka.

Kuhusu joto, watu wanaogopa kupita kiasi. Ni kweli aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini besi ya milimita 140, kutoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane, tuseme tofauti ya nyuzi 30, itazidiana na chuma chini yake kwa takriban milimita 0.05. Ni chini ya unene wa unywele wa kawaida. Skrubu zilizokazwa vizuri zinalibeba hilo.

Skrubu ndizo ninazozikagua sana. Chukua za chuma, na nyuzi zake zisafishe kwa spiriti mpaka zikauke. Tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee linatosha, ile nyekundu utakuja kuitafutia moto wa kuifungulia. Chini ya besi pakaa utando mwembamba wa mafuta ya bunduki ili maji yasipate njia, lakini ndani ya pete pabaki pakavu, mrija usiteleze. Kaza kwa spana yenye kipimo. Skrubu za pete nyingi zinataka kati ya Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 1.7 na 2, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Ukizipaka mafuta zitakaza zaidi ya kipimo kinavyoonyesha, na mrija wa aluminiamu utaminywa.

Naandika haya kwa uchungu kidogo. Sentimita 15 kwenye mita 100 ndiyo tofauti ya nyati kuanguka na nyati kuingia kichakani na jeraha. Akishaingia, anayetangulia kufuata damu ni traka, yule msoma nyayo, mara nyingi hana silaha mkononi, na hakuna aliyemwonyesha ule unga mweupe.

Ile .375 tulitoboa skrubu iliyokatika, tukafunga besi na pete za chuma, na darubini ileile ikarudi juu. Nikachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete, ikizunguka hata kidogo mstari unavunjika na macho yanaona. Baada ya risasi ishirini mistari yote ilikuwa imenyooka, na matundu matatu ya mwisho kwenye karatasi yalifunikwa na kiganja.