Mvua Ikikosea Wiki Moja: Maswali Yenu Kuhusu Mvinyo wa Port

SWALI: Hotelini kwetu tuna chupa mbili za mvinyo wa Port kutoka Ureno. Moja imeandikwa 2011, nyingine haina mwaka, na bei ya ile yenye mwaka ni mara kadhaa ya mwenzake. Wateja huniuliza 2011 kulikuwa na nini, nami sina la kuwajibu. *Mhudumu wa baa, Nakuru mjini*

JIBU: Tuanzie kwenye utengenezaji wenyewe, ndipo habari ya mvua na jua itaeleweka. Zabibu za Port huvunwa katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Hukanyagwa, kisha maji yake huachwa yachachuke pamoja na maganda. Baada ya siku mbili au tatu, sukari ikiwa imepungua karibu nusu, humiminwa spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, kiasi cha lita 115 kwa kila lita 435 za mvinyo. Hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki humo, na kinywaji husimama kwenye asilimia 19 hadi 22.

Mvinyo mwekundu wa kawaida hukaa na maganda wiki nzima, mara nyingi hata zaidi. Port hupewa siku mbili tatu tu. Rangi yote, tanini yote (ule ukakasi wa ganda), na nguvu ya kudumu chupani miaka 30 au 40, lazima vitoke kwenye ganda katika muda huo mfupi. Kilevi kikipungua kitaongezwa kwa spiriti. Ganda likiwa jembamba au bichi, hakuna cha kuongeza. Na ganda hutengenezwa shambani, na hali ya hewa ya msimu ule.

Sasa 2011. Mwishoni mwa 2010 mvua ilinyesha sana Douro. Bonde lile lina mwamba wa shisti uliopasukapasuka, na maji huzama kwenye nyufa zake. Mizizi ya mizabibu huyafuata chini mita nyingi. Kwa hiyo kiangazi kirefu kilipofuata, mizabibu ilikuwa na akiba. Mwishoni mwa Juni joto kali liliunguza baadhi ya vichala, na mavuno yakapungua. Kisha, Agosti 21 na tena Septemba 1, ikanyesha mvua ya wastani, wakati ambapo zabibu zilikuwa zimeanza kukauka kwa kiu. Baada ya hapo anga likatulia wakavuna katika jua. Mvua mbili, kila moja kwa wakati wake: hicho ndicho wateja wako wanacholipia.

Mvua hiyohiyo ingekuja wiki tatu baadaye ingeharibu. Mwaka 2002 mvua iliingia katikati ya mavuno, na watengenezaji wengi hawakutoa Port ya mwaka, yaani ile ya zabibu za mwaka mmoja tu. Mwaka 2016 mvua ilinyesha karibu na katikati ya Septemba. Waliokuwa na subira wakaacha zabibu zikauke na kukomaa tena ndipo wakavuna, nao wakapata mvinyo mzuri mno. Mwaka uliofuata, 2017, ulikuwa mkavu na wenye joto hata wengine wakaanza kuvuna Agosti, jambo lisilo la kawaida kule. Miaka hiyo miwili ilitangazwa mfululizo, yaani watengenezaji walitamka kwamba inafaa Port ya mwaka, nalo hutokea mara chache sana. Kwa kawaida miaka inayotangazwa ni kama mitatu katika kila kumi.

Hiyo chupa isiyo na mwaka si mbaya. Ni mchanganyiko wa miaka kadhaa, ambapo mwaka wenye asidi nzuri huusaidia mwaka uliokuwa na joto jingi. Mwambie mteja hivyo bila kuona haya.

SWALI: Nina ekari moja ya mizabibu karibu na Naivasha. Nikipogoa wakati wowote, inachipua na kuzaa. Mavuno mengine ni matamu na meusi, mengine ni maji matupu. Nataka zabibu zinazofaa mvinyo mzito wa aina ya Port. Nipogoe lini? *Mkulima, Naivasha*

JIBU: Ndugu yetu, swali lako ndilo lililotukalisha muda mrefu zaidi, kwa sababu una uhuru ambao mkulima wa Douro hana. Yeye majira humpangia: mizabibu hulala wakati wa baridi, huchipua Machi, huchanua Mei, hubadili rangi Julai. Wewe uko karibu na ikweta. Mzabibu wako haulali, na mkasi wako ndio unaoamua msimu uanze lini. Uhuru huo ukitumiwa ovyo huleta hayo maji matupu.

Uzuri ni kwamba mahali pako panafanana kidogo na Douro. Kule milima ya Marão huzuia mvua ya Atlantiki, na kadiri unavyoelekea mashariki ndivyo panavyokauka. Naivasha nayo imekingwa na milima ya Nyandarua, ndiyo maana hupata kama milimita 650 tu kwa mwaka huku majirani wakilowa. Usiku wenu ni wa baridi, na baridi ya usiku huhifadhi asidi. Tofauti kubwa ni mwanga: kiangazi cha Douro kina mchana wa saa kama 15, wako ni saa 12 mwaka mzima. Sukari yako itapanda polepole, kwa hiyo usishindane na kalenda yao.

Panga kinyumenyume. Chagua kwanza wiki kavu za kuvuna, kisha hesabu kurudi nyuma. Katika ukanda wenu Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika. Kwa mwinuko wa karibu mita 1,900, chukua takriban miezi mitano kutoka kupogoa hadi kuvuna, kisha urekebishe kwa rekodi za shamba lako. Basi pogoa katikati ya Septemba. Maua yatachanua mapema Novemba, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mvua za vuli zinanyesha. Mvua juu ya maua huosha chavua, na kichala hutoka na matundu, tembe (punje za zabibu) chache huku na kule. Kwa mvinyo huu hasara hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani. Kichala chenye nafasi hupitisha hewa na hakiozi upesi. Adui wa kweli wa Novemba ni ukungu. Puliza dawa ya shaba kabla ya mvua, sio baada ya madoa kuonekana, na salfa kwa ule ubwiri mweupe kama unga. Usipulize salfa mchana wa jua kali, huunguza majani.

Ukipogoa Machi, uvunaji utaangukia Agosti, na Agosti katika sehemu nyingi za Nakuru huwa na mvua. Tunashuku hayo maji matupu yalitoka hapo. Tunakushauri uchukue mavuno moja bora kwa mwaka, na mzunguko wa pili uutumie kukuza matawi tu, ukitoa vichala vikiwa vichanga. Inauma, lakini mzabibu unaozaa mfululizo hauna akiba ya kutengeneza ganda nene.

Zabibu zikianza kubadili rangi, punguza maji ya dripu hadi karibu nusu. Unataka tembe ndogo. Tembe ya milimita 12, ikilinganishwa na ya milimita 18, ina ganda mara moja na nusu zaidi kwa kila tone la maji. Lakini usikaushe mzabibu kabisa. Joto likipita nyuzi 35 na udongo ukiwa mkavu, majani hufunga vitundu vyake, ukomavu husimama, na sukari huonekana kupanda kwa sababu tu tembe inakauka. Kipimo kitakudanganya: sukari tele, ganda chungu, kokwa za kijani. Majani ya upande wa mashariki yatoe machache ili umande ukauke asubuhi; ya magharibi yaache yawe kivuli cha alasiri.

Kupima, chuma tembe 100 kutoka mizabibu tofauti, juu na chini ya vichala, pande zote mbili za mstari. Zikamue pamoja. Tafuta Briksi (kipimo cha sukari) 24 hivi. Kisha tafuna maganda na uangalie kokwa: ziwe za kahawia, zivunjike kama karanga iliyokaangwa. Mvua ikinyesha ghafla kabla ya kuvuna, kipimo kinaweza kushuka digrii moja au mbili. Kama maganda hayajapasuka na upepo unavuma, ngoja siku tatu au nne, upime tena. Yakipasuka, vuna siku hiyohiyo, uzitenge tembe zilizoanza kuoza.

SWALI: Kwani mvua ikishusha sukari, si ninasimamisha uchachukaji mapema zaidi? Na spiriti niongeze kiasi gani? Vodka ya dukani itafaa? *Msomaji, Njoro*

JIBU: Unaweza kusimamisha mapema, ila utalipa kwa rangi. Briksi 24 ni takriban gramu 255 za sukari kwa lita. Kila gramu 17 hivi huzaa asilimia moja ya kilevi. Ukisimamisha kwenye asilimia 6, umetumia gramu 102, zimebaki 153, na baada ya spiriti kuzimua unabaki na kama 120. Ukianza na Briksi 20, kwa hesabu hiyohiyo unabaki na gramu 85 hivi. Ili kurudisha utamu lazima ukate mapema, pengine siku ya kwanza, kabla ganda halijatoa chochote. Utapata kinywaji kitamu, chekundu kilichopauka, kisicho na mwili.

Kiasi cha spiriti hupatikana kwa kutoa. Unataka asilimia 20, una mvinyo wa 6 na spiriti ya 77. Ishirini toa sita ni 14: sehemu za spiriti. Sabini na saba toa ishirini ni 57: sehemu za mvinyo. Kwa lita 20 za mvinyo ni lita 4.9. Fanya hivyo kwa vodka ya asilimia 40 uone: sehemu 14 kwa 20, yaani lita 14 kwa zile 20. Umefuta kazi yote ya shamba kwa maji.

Usiguse kamwe spiriti ya viwandani isiyo ya chakula, wala ya kununua kwenye jerikeni isiyo na lebo. Methanoli hupofusha na kuua. Na kabla ya kutengeneza cha kuuza, pata leseni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inaidai.

SWALI: Kama joto hukomaza zabibu, joto la duka langu Kisumu litakomaza chupa? *Mama mwenye duka, Kisumu*

JIBU: Hapana, mama. Joto la shambani hujenga, la rafuni huchosha. Kwa nyuzi 28 au 30 mfululizo, Port ya mwaka hupoteza harufu ya matunda, na kizibo huanza kuvuja. Iweke chumba chenye baridi, nyuzi 12 hadi 16 ukiweza, ikiwa imelazwa. Ikishafunguliwa, Port ya mwaka imalizwe kwa siku mbili tatu. Ile ya rangi ya kahawia iliyozeeka mapipani huvumilia wiki kadhaa kwenye friji. Ukitaka ya kuvumilia Kisumu, agiza mvinyo wa Madeira, kisiwa cha Ureno: aina zake nyingi hupashwa moto wa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi kiwandani, kwa hiyo joto limekwisha kufanya kazi yake.

SWALI: Je, Kakamega mizabibu itatoa mvinyo kama huo? *Mwalimu, Kakamega*

JIBU: Kwa mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mwalimu, bila paa la plastiki juu ya mistari utapambana na ukungu kila wiki, na tembe zitavimba. Panda michache ya kula na ya kivuli. Ya mvinyo mzito, tafuta shamba upande mkavu wa Bonde la Ufa.