Kabla ya mkakati wa mazingira, peleka chupa yako kwenye mizani ya makopo

Nimefanya ununuzi wa vifungashio katika kiwanda cha vinywaji hapa Moshi. Kwa yeyote anayefungua kiwanda cha maji, juisi au mvinyo wa ndizi, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaandika mkakati wa mazingira, peleka chupa yako kwa wanaonunua makopo, yaani chupa tupu za plastiki, kwa kilo, uwaulize kama wataipokea.

Wale watu wanajua mengi kuliko washauri wengi wa makaratasi. Chupa isiyo na rangi wanaigombania. Ya rangi bei yake inashuka, au inaachwa mtaroni. Lebo nayo ina mambo. Chupa za PET, plastiki ya kawaida ya chupa za maji na soda, zikisagwa huoshwa kwa maji: vipande vya PET vinazama, vya vifuniko vya polietilini vinaelea, kazi inakuwa rahisi. Lebo ya PVC, plastiki ya aina nyingine, inazama pamoja na PET, na ikiyeyushwa humo inaharibu mzigo. Basi chagua lebo nyembamba ya polipropilini, inayoelea, na gundi inayotoka kwa maji ya moto. Aina ya plastiki iandikwe kwenye mkataba wa msambazaji. Ahadi ya simu haitoshi.

Kama soko lako ni Moshi, Hai na Himo, fikiria chupa ya kioo. Gari lako linarudi kiwandani hata hivyo, lirudi na kreti za chupa tupu. Wenye maduka wameizoea biashara hiyo kwa soda na bia. Ukiuza hadi Dodoma, piga hesabu upya ya uzito na mafuta.

Usiahidi usichokipima. Mwaka 2018 Coca-Cola iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Desemba 2024 ikashusha lengo: asilimia 70 hadi 75, ifikapo 2035. Kama kampuni kubwa kiasi hicho imerudi nyuma, wewe anza na kilo unazoweza kuzilipia.

Sheria nayo haingoji. Pombe za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki Juni 2019.

Siku za usafi Mto Karanga ni jambo jema, nami nazipenda. Lakini bajeti ya fulana na mabango ingeongeza bei ya kilo kwa waokota makopo wa Pasua na Majengo, na chupa zisingefika mtoni.