Vipimo vyote safi lakini hofu haiishi: kilichonisaidia mimi

Mkuu, pole sana. Umesema umeshapima moyo mara tatu, kila mara unaambiwa uko sawa, na wiki haipiti unataka kurudi tena. Nimeishi na hali hiyo miaka miwili hapa Kigoma.

Vidole viwili vilikuwa haviondoki kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto. Sokoni Mwanga, kanisani, hata kitandani. Mapigo yakifika 95 nashtuka, na ule mshtuko unayapeleka 110. Hapo nashika simu kusoma dalili, usingizi kwaheri. Majibu mazuri ya hospitali yalinituliza siku tatu, nne, kisha naanza: je, kama kipimo hakikuona?

Daktari mmoja akanielekeza kwa mwanasaikolojia, tukawa tunaongea kwa simu kila wiki. Tiba yenyewe ni CBT, yaani tiba ya maongezi ya kubadili mawazo na tabia, ambayo msingi wake uliwekwa na Aaron Beck wa Marekani miaka ya 1960. Mwanasaikolojia wangu hakubishana nami kama naumwa au siumwi. Alisema nigawe ukurasa wa daftari: huku "nina ugonjwa wa moyo uliojificha", huku "nina hofu kali ya ugonjwa wa moyo", niandike ushahidi wa kila upande. Upande wa kwanza nilikwama mstari wa pili.

Halafu likaja jaribio: kupanda barabara ya Lumumba kwa miguu, kutoka stesheni ya reli hadi Mwanga, bila kugusa mkono. Kabla ya kuanza niliandika: nitaanguka, uhakika asilimia 80. Katikati ya mlima moyo unapiga kama ngoma, vidole vinawasha, nikavizamisha mifukoni. Nilifika juu nahema, nikanunua maji, nikanywa nimesimama. Niliporudia mara ya nne, ile 80 ilikuwa 20.

Gumu kuliko yote lilikuwa nyumbani. Kila usiku nilimuuliza mke wangu kama nimebadilika rangi. Akaanza kujibu tulivyoelekezwa: "Baba Neema, hilo tulikubaliana silijibu." Wiki ya kwanza nilimnunia. Kumbe kila "uko sawa" yake ilinipa nafuu ya dakika kumi, na kesho yake naihitaji mara mbili zaidi.

Kifua kikibana kwa namna mpya, au ukizimia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini kwa hofu hii ya kila siku, chagua daktari mmoja tu, mpange lini mnaonana, usizunguke. Ule ukurasa uandike leo. Ukikwama niulize hapa, jioni huwa nipo.