Nimlipe kijana wa steshenari aniandikie?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya samani hapa Keko, Dar es Salaam, mafundi tisa na vibarua wawili. Mwezi uliopita kijana wangu alikatwa dole gumba na msumeno wa meza, akashonwa nyuzi sita. Sasa hoteli moja inataka vitanda 40, ila meneja wao anasema bila mpango wa maandishi wa kuzuia ajali na magonjwa kazini hatoi oda. Kuna kijana steshenari anauandika kwa laki moja na nusu. Nimlipe?
Mama Karakana, Keko

JIBU: Marahaba mwanangu, na huyo kijana aliyekatwa mpe pole yangu. Hela yako usiitoe. Kazi za steshenari nimeziona. Moja ya karakana ya mbao iliagiza mafundi wavae kofia zenye taa, kama wachimbaji wa Mererani.

Anza na msumeno uliomkata. Muulize bila ukali: kava ya kufunika meno ya msumeno ilikuwa wapi? Mimi kidole changu cha shahada kilikatika mwaka 1988 kwenye karakana ya watu, tajiri akasema uzembe. Kumbe kava tuliifungua Jumatatu moja tukichimba mifereji ya plaiwudi za droo, spana ikapotea, na hakuna aliyetumwa kununua nyingine. Wiki tatu tulipasua mbao meno yakiwa wazi. Uzembe huo ulikuwa wa nani? Ukipata jibu la namna hiyo, liandike. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza.

Kisha shinda karakanani siku nzima, simu umeizima. Tazama vidole vinavyosukuma vipande vifupi. Hapo panahitaji kijiti cha kusukumia, kitundikwe palepale. Swichi ya kuzimia je, mtu anaifikia bila kuvuka msumeno? Uliza na yale ya nusura, kama ubao uliorushwa nyuma ukampita mtu sikioni. Tajiri anayefoka hasimuliwi hayo.

Vumbi linadharauliwa kwa sababu halitoi damu. La mninga na mvule huanza na chafya na kifua kubana. Tangu 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kwa hiyo ile desturi ya jioni ya kujipuliza nguo kwa kompresa, ikome. Tafuta mashine ya kufyonza vumbi palepale linapotoka; barakoa ije baadaye, na ya kitambaa haitoshi. Vanishi ipigwe penye upepo.

Hapa utanikasirikia: unawalipa kwa siku au kwa kitanda? Kama ni kwa kitanda, vitanda 40 watavipasua mpaka saa sita usiku, na kava itafunguliwa tena, hata ubandike karatasi ukuta mzima. Kubaliana na hoteli tarehe unayoiweza.

Kisheria, sajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Kwa kuwa una wafanyakazi zaidi ya wanne, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka uteue kwa maandishi mwakilishi wa usalama. Chagua fundi anayethubutu kukubishia, si shemeji yako. Jisajili pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni wa mwajiri, usiukate kwenye mshahara wa mtu. Na ajali kama ya hilo dole gumba huripotiwa huko.

Yaandike hayo kwa Kiswahili cha mafundi wako, kila jambo na jina la mhusika na tarehe. Hayatazidi kurasa nne. Meneja akija, mpeleke kwenye msumeno kabla hujampa karatasi. Ila leo jioni tuma mtu akanunue spana mbili, moja uifunge kwa mnyororo kwenye mguu wa mashine.