Kijito kimegeuka rangi ya chungwa

SWALI: Shikamoo anti, mi niko Moshi, kaka angu kahamia kusini karibu na mgodi wa makaa ya mawe, anasema kijito chao kimekua rangi ya chungwa, wakichemsha si yanafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayafai, kuchemsha kunaua vijidudu tu, madini yanabaki palepale. Miamba ya makaa mara nyingi ina salfa na chuma, ikipigwa na hewa na mvua inatoa asidi na kutu ya chuma, hiyo kutu ndo hiyo rangi. Mgodi unatakiwa uwe na mitaro ya kukwepesha mvua isipite kwenye kifusi, na maji machafu yatulie bwawani yatiwe chokaa kwanza kupunguza asidi ndo yaachiwe (chokaa sio ghali kihivyo jamani!). Apige picha apeleke NEMC (baraza la taifa la mazingira) au ofisi ya bonde la maji, asiishie kwa mwenyekiti wa kijiji.