Usinunue kontroli boksi kabla ya kuhesabu mimweko ya taa

Msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia. Corolla yake ya miaka ya tisini inagoma kuwaka alfajiri, taa ya cheki injini haizimiki, na fundi amemwambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Anauliza kama aagize nyingine Dar.

Ndugu yangu, usitume hela. Hayo yalinipata mimi, neno kwa neno.

Nilikuwa Njombe, na Corolla aina ya AE100 yenye injini ya 5A-FE. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba ataelewa. Asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, ikikubali inatetemeka na kutaka kuzima. Ikishapata moto, inakwenda kama mpya. Gereji niliyoipeleka walibadilisha plagi, kisha nyaya za plagi. Halafu wakaja na sensa ya joto, lakini wakabadilisha ile yenye waya mmoja, ambayo kazi yake ni kuchezesha mshale wa dashibodi tu. Inayosomwa na kontroli boksi ni nyingine, ina nyaya mbili. Kila hatua nililipa. Mwisho wakaleta mashine ya kupimia, wakatafuta soketi chini ya usukani wasiione, wakahitimisha kuwa kontroli boksi ndiyo mbovu. Mpaka leo inaniuma, maana jibu lilikuwa mbele yao chini ya boneti.

Zile mashine ni za OBD2, mfumo wa gari kutoa makosa yake kupitia soketi, uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. AE100 iliyotengenezwa kwa soko la Japani haiujui mfumo huo. Yenyewe husema kwa taa ya cheki injini.

Fungua boneti, utafute kiboksi kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko pamechorwa majina ya matundu. Switchi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya. Hapo usibahatishe: tundu la +B hupata umeme wa betri na E1 ni hasi, ukiyakutanisha hayo mawili umepiga shoti. Gia iwe N au P, AC izimwe, mguu uwe mbali na pedeli ya mafuta. Kisha washa switchi bila kupiga stata, utazame taa.

Ikimweka haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kukiwa na kosa, inahesabu: makumi kwanza, inapumzika kidogo, kisha mamoja. Yangu ilimweka mara mbili, ikatulia, ikamweka mara mbili. 22. Namba zikiwa nyingi huanza ndogo, hufuata kubwa, halafu zinarudiwa zote, kwa hiyo kaa na kalamu.

22 ni njia ya sensa ya joto la maji. Kontroli boksi ikikosa taarifa hiyo hujiwekea kwamba maji yana nyuzi 80, basi kwenye baridi haiongezi mafuta ya kuwashia. Ugonjwa wangu wote ulikuwa huo! Niliuvuta waya mmoja wa sensa karibu na soketi, ukanyooka kama mpira: shaba ilikuwa imekatikia ndani ya ganda. Nikaunga, nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) kwa muda kufuta kumbukumbu, na kesho yake gari likawaka kwa mkupuo mmoja.

Namba nyingine utakazokutana nazo: 12 na 13 ni mawimbi ya mzunguko wa injini, anza na distributa, inayogawa umeme kwenye plagi. 14 ni ignita, inayoamuru cheche za plagi. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni ya throto, mlango wa hewa ya injini. 51 isikutishe, mara nyingi umeacha AC imewashwa au mguu uko kwenye mafuta.

Lakini nisikilizeni vizuri. Namba haitaji spea ya kununua. Inataja njia nzima: sensa, soketi, waya, hadi kontroli boksi yenyewe, ambayo ndiyo ya mwisho kushukiwa. Watu wanasoma 22 na kukimbilia dukani, wakati sensa hiyo inapimika kwa multimita, ile mita ndogo ya mafundi umeme: kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome omu (kipimo cha ukinzani) 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Ikisoma sawa, ni nzima, fuatilia nyaya.

Tunatoa jasho kununua haya magari, halafu tunamkabidhi mtu funguo na kwenda kunywa chai. Simama pale. Mpe fundi namba uliyoisoma, umwombe apime mbele yako kabla ya kufungua nati yoyote. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia kazi. Akigoma kupima na kung'ang'ania kubadilisha, chukua funguo zako uende gereji nyingine.