Kabla hujanunua mdoli wa utotoni, uliza nyumbani kwanza

Juzi dada mmoja wa Njiro kaniandikia. Kaonyeshwa mdoli wa Barbie, muuzaji anasisitiza ni wa mwaka 1966 kwa sababu namba hiyo imechapwa chini ya mgongo, na bei anayotaka inakaribia ada ya shule. Dada huyo alikuwa na mdoli kama huo akiwa darasa la pili mwaka 1988, ukapotea walipohamia Arusha. Anauliza, anunue?

Dada yangu, usitoe hiyo hela. Mwaka ule unahusu hakimiliki ya muundo wa kiwiliwili, si mwaka mdoli ulipotoka kiwandani. Kampuni ya Mattel walianza kuuza Barbie mwaka 1959, na midoli yenye chapa ya 1966 iliendelea kutoka hadi miaka ya tisini. Kwa hiyo unaweza kabisa kuwa sawa na ule wako wa 1988, na ndiyo maana hustahili kulipia bei ya 1966. Tazama jina la nchi karibu na huo mwaka. Barbie za mwanzo zilitengenezwa Japani. Ukikuta Malaysia au China, hiyo ni ya miaka ya baadaye.

Nasema kwa kujiamini kwa sababu kigari changu cha utotoni, kilichopotea, nimekipata. Sisemi kinachofanana nacho. Changu mimi, kilekile.

Ni Land Rover ya Matchbox, chapa ya vigari vidogo vya kuchezea, ya kijani, yenye mizigo ya kahawia juu ya paa. Baba alikuwa dereva wa watalii Arusha, anawapeleka Ngorongoro na Serengeti kwa Land Rover ya kweli, na mgeni mmoja akamwachia kigari cha mwanawe. Wenzangu pale Kaloleni walikuwa na magari ya waya, yenye usukani mrefu na matairi ya kandambili, na yalikuwa mazuri kwelikweli. Lakini hiki kilikuwa gari la baba. Nilichukua msumari nikachora herufi mbili za jina langu chini yake, pembeni ya maandishi ya kiwandani.

Tulipohamia Moshi, mtu mzima mmoja wa ukoo akagawa boksi langu zima bila kuniuliza. Nilipolia nikaambiwa mtoto wa kiume halilii vigari. Neno lile linanichoma mpaka leo na sioni sababu ya kulificha.

Baba alipofariki nikaanza kukitafuta kwa nguvu. Kwanza nilijifunza ninachotafuta ni nini hasa. Hiki ni namba 12 ya Matchbox, kilichoanza kutoka mwaka 1965 katika kiwanda cha Lesney, Uingereza, kwanza kwa kijani, baadaye kwa bluu. Washindani wao Hot Wheels walipoingia sokoni mwaka 1968 na matairi yanayoteleza mbali, Matchbox wakajibu mwaka 1969 na matairi yao ya Superfast. Changu ukikisukuma sakafuni kilikuwa hakifiki mbali, kwa hiyo nilijua ni cha kabla ya hapo. Jiulize na wewe: chako kilikuwa kinatelezaje? Mlango ulifunguka? Chini kiliandikwa nini? Usipojua hayo utauziwa chochote.

Nilizunguka soko la mitumba la Memorial, Moshi, nikapekua vigari vya kwenye mabelo. Vingi plastiki.

Desemba iliyopita tulikuwa wote Kibosho, kijijini kwetu mlimani Kilimanjaro, kwa Krismasi. Nikamuamkia shangazi, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Si kile cha marehemu baba yako?" akasema. "Nenda kwa binamu yako hapo chini. Watoto wake walikuwa wanakichezea."

Kilikuwa kwenye kopo la Kimbo, katikati ya misumari na nati za baiskeli. Rangi imechubuka mpaka bati linaonekana, tairi moja la nyuma halipo. Nikakigeuza nikaifuta kutu kwa kidole gumba, herufi zangu mbili zikatokea. Binamu akashangaa: "Kaka, hiki? Si ungesema miaka yote hii!"

Basi ndugu zangu, anzeni nyumbani. Semeni. Waulizeni mashangazi wakati wako hai na akili zao zina kumbukumbu, na Desemba ndiyo wakati wenyewe, ukoo mzima uko mlimani na stoo ziko wazi. Mtandaoni nendeni baadaye, mkishajua namba na nchi. Na mkimwona mtu mzima anatafuta kitu chake cha utotoni, msimcheke. Hamjui alipewa na nani. Na kitu cha mtoto kisigawiwe bila yeye kuulizwa, hata kama ni kibovu. Hilo nitalirudia kila mahali.

Dada wa Njiro, mwambie muuzaji akupigie picha ya chini ya mgongo, maandishi yote yasomeke, unitumie. Kabla hajakujibu, mpigie shangazi yako aliyewasaidia kuhama.